Ubeti wa Tatu Ulikuwa Wako

Yaya Bolumbu, dada yangu mkubwa,

Mihogo imo majini tangu jana asubuhi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya kuuliza kama nimekula, kabla ya kuuliza kama goti langu bado linavimba. Jana Jumatatu niliimba ubeti wa kwanza, ingawa haukuwa wangu. Leo asubuhi nimeimba wa pili. Kesho ni wa tatu. Kwa sababu ya huo wa tatu nimekaa hapa mlangoni na daftari la shule mapajani, mvua ikipiga mabati, nakuandikia wewe ambaye hukujua kusoma. Ulipokuwa hai mimi ndiye niliyekusomea kila karatasi iliyoingia uani. Hii sijui nani atakusomea. Labda huko uliko watu hawana haja ya kusomewa.

Naogopa, yaya. Mimi niliyevuka misitu kwa miguu, niliyelala sakafuni mwa madarasa ya watu, leo naogopa pipa la bluu lenye mihogo.

Nitasimulia kwa mpangilio. Hukupenda nianze habari katikati. "Mwalimu, anza kwenye muzizi," ulikuwa ukisema, "majani tutayaona."

Ulianguka Jumapili tukitoka ibadani, pale kwenye kona ambapo watu wa toleka hungojea abiria na baiskeli zao. Ulinishika bega, ukasema, "Ngoja kidogo, Mwalimu, dunia inazunguka," ukacheka, kisha uzito wako wote ukanijia. Tulikupeleka hospitali kwa baiskeli, wanaume wawili wakikushikilia pande zote. Daktari alisema ni presha, mshipa umepasuka kichwani. Jumatatu hukuiona.

Siku ile mihogo ilikuwa kwenye ubeti wa pili. Nilikuwa nimeuimba mimi kabla ya ibada, mkono wangu ndani ya pipa hadi kiwiko, nawe ukifunga kikwembe chako cha Jumapili na kunicheka kwamba sauti yangu imeshika kutu. Siku iliyofuata ilikuwa zamu yako. Hakuna aliyeimba. Watu wa matanga walijaa uani, wakapanga viti vya plastiki kulizunguka pipa, na mihogo ikakaa humo siku tisa, mpaka maji yakawa meusi na harufu ikawasogeza waombolezaji hadi barabarani. Niliimwaga mtaroni mimi mwenyewe. Nyama yake ilikuwa imeyeyuka. Nyuzi peke yake ndizo zilizobaki mkononi, kama nywele za mtu.

Nyuzi ndizo ulizonipa siku ya kwanza. Unakumbuka? Nilifika Kisangani kutoka upande wa Bukavu baada ya miezi saba ya msitu. Vita vilipotufukuza tulitoka wanne: mimi, baba watoto, na watoto wetu wawili. Nilifika peke yangu. Walituweka katika darasa la shule ya kanisa, nami nikakaa chini ya ubao, mahali ambapo kwetu nilikuwa nimesimama miaka kumi na minane nikifundisha, nikageukia ukuta. Kina mama wa kanisa walileta uji, sikunywa. Walileta maombi, sikuitikia. Siku ya nne ukaja wewe na beseni. Hukuniuliza jina. Hukuniambia kwamba Mungu ana mpango wake. Ulikaa chini mbele yangu, ukaniwekea kiganjani muhogo uliolowa, laini, wenye harufu ya maziwa yaliyolala, ukasema, "Toa nyuzi."

Muhogo ulikaa tu kiganjani.

"Toa nyuzi, mama. Kulia utalia tu, lakini mikono yako iko bure."

Nilitoa nyuzi za beseni zima. Sikuacha kulia, na hukuniambia niache. Jioni ulinichukua nyumbani kwako Kabondo, kwa wiki moja, ulisema. Wiki hiyo imechukua zaidi ya miaka ishirini.

Sijawahi kusikia neno "uvumilivu" kinywani mwako. Nililisoma katika vitabu, nililisikia katika mahubiri, wewe hukuwa nalo. Ulikuwa na "leo tunatwanga", "leo tunafunga", "leo iko siku ya majani". Uliamka baiskeli za kwanza zilipopita kwenda sokoni. Ulifagia uwanja, ukaleta maji, ukawasha moto, ukaenda kwenye pipa. Nilipokuwa na siku zangu mbaya, zile ambazo nililala nikiwa nimefunika kichwa, hukuingia kunibembeleza. Ulisimama mlangoni na kusema, "Mwalimu, kwanga haiulizi kama ulilala muzuri." Basi niliamka kwenda kufunga hiyo mikate yetu ya mihogo, kwa hasira mara nyingi, kwa sababu hasira nayo ni njia ya kuamka.

Mihogo ya huku, ile mikali, nilikuwa siijui. Kwetu milimani tulikula ugali. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ina sumu ndani, kwamba maji ndiyo yanayoitoa sumu hiyo, na maji yanataka siku zake. Ukiitoa mapema, unafunga kifo vizuri kwenye majani na kukiuza. Nilikuuliza siku ngapi, mwalimu wa hesabu niliyekuwa. Ukanitazama kama mtu aliyeulizwa umri wa mto. Hukuwa na siku, ulikuwa na wimbo. Wimbo wa kanisa wenye beti nne, ule tunaowaimbia watu wanaosafiri. Asubuhi ya kuitumbukiza mihogo, ubeti wa kwanza, mkono ndani ya maji. Asubuhi ya pili, wa pili. Asubuhi ya ubeti wa nne, unaitoa. Na majira ya mvua, maji yakiwa baridi, ubeti wa nne unaimbwa asubuhi mbili, ndipo unaitoa. Kulikuwa na sala na kulikuwa na saa, na kwako vilikuwa kitu kimoja.

Tukagawana. Wa kwanza wako, wa pili wangu, wa tatu wako, wa nne wangu. "Hivi," ulisema, "mumoja akilala, mwingine atamuamusha."

Katika mwezi wa kwanza uliniomba nikusomee ubeti wa tatu kutoka kitabuni, kwa sababu hukuwa na uhakika wa maneno yake. Nikakusomea. Ubeti ulikuwa unasema kwamba mkono wa Bwana unawashika wasafiri wote. Ulisikiliza huku ukikaza kamba ya kwanga kwa meno, ukatema uzi, ukasema, "Bon. Ni muzuri. Lakini haina batu ndani."

Sikukuelewa. Nilikuwa nimekuambia majina yao mara moja tu, nikitoa nyuzi, jioni ile ya kwanza. Mugisho, aliyebaki mtoni. Nsimire, aliyebaki njiani kwa homa, chini ya majani niliyoyakata mwenyewe. Deo, baba yao, aliyerudi nyuma kutafuta chumvi asirudi. Niliyatamka mara moja na kinywa changu kikajifunga. Kila nilipotaka kuyasema tena niliona maji ya kahawia na mkono mdogo. Asubuhi iliyofuata ukaenda kwenye pipa, ukatia mkono, ukaimba ubeti wa tatu wako mwenyewe: "Mugisho iko mu mukono yake. Nsimire iko mu mukono yake. Na papa yao Deo iko mu mukono yake." Sauti yako nene, isiyofuata noti yoyote.

Nilikukasirikia. Kwa siku kadhaa sikusema nawe ila "lete kisu". Nilikuambia kwamba maneno ya wimbo hayabadilishwi, kuna watu walioyaandika. Ukanijibu, "Bale batu baliandika, balijua Mugisho?" Nikarudi kumenya. Na tangu siku hiyo, kila zamu ya mihogo, mwaka baada ya mwaka, uliyabeba majina ambayo mimi mama yao sikuweza kuyabeba. Nilikuwa nikisimama nyuma yako nikijifanya napanga kuni. Sikukushukuru. Nalifahamu hilo leo na linanichoma. Sikukushukuru hata mara moja, kwa sababu kushukuru kungenilazimu kukiri kwamba nilikuwa nasikia.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Baada ya kukuzika niliacha. Sikufagia. Kwenye kwaya ya kina mama nilisimama mahali pangu na kufungua mdomo bila kutoa sauti, kama samaki juu ya meza ya soko. Hakuna aliyegundua, maana sauti yako ndiyo iliyokuwa ikinifunika siku zote. Mungu nilimwambia mambo ambayo hata msituni sikumwambia. Msituni nilikuwa bado na woga. Safari hii nilimwambia: umechukua hata yule aliyekuwa akikukumbusha majina yao. Sikungoja jibu. Nikazima.

Ilipokaribia siku ya arobaini, ya kumaliza matanga, Béatrice wako alikuja. Alikuwa amekonda, macho yako yamekaa usoni mwake. Akasema, "Mama Mwalimu, kwanga ya siku ile itakuwa yako. Batu banataka mukono ya mama." Nisingeweza kumkatalia. Ni mtoto wako pekee, na mimi ndimi niliyemfundisha kuandika jina lake.

Mihogo ililetwa na ndugu zako kutoka shamba jipya, ng'ambo ya daraja la Tshopo. Ilikuwa minene, mikali, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Niliimenya, nikaiosha, nikaitumbukiza. Ubeti wa kwanza ulikuwa wako. Nikasimama mbele ya pipa na nikasema moyoni: siimbi ubeti wa Bolumbu. Wa Bolumbu ukae kimya, kila mtu ajue kwamba uko kimya. Nikafunika pipa. Asubuhi ya pili niliimba wa pili, wangu. Asubuhi ya tatu, yaya, ilikuwa zamu ya majina. Nikatia mkono ndani ya maji, na majina hayakuja, na sikuyataka. Nikaruka. Nikaimba ubeti uliofuata uliokuwa wangu, wa nne, haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa.

Na mkono wangu uliposikia ubeti wa nne, ukaitoa mihogo.

Watu wataniuliza, mwanamke aliyefundisha hesabu miaka kumi na minane, alishindwaje kuhesabu siku? Sikuwahi kuzihesabu. Tangu nilipofika kwako sikuhesabu siku za mihogo hata mara moja, tuliziimba. Mwili wangu ulijua kwamba baada ya ubeti wa nne ni kutoa. Sikukumbuka hata kwamba ilikuwa majira ya mvua, kwamba wa nne huimbwa mara mbili. Ilipaswa kulala majini siku nne. Ililala mbili.

Ningeweza kugundua. Ilikuwa na mioyo migumu. Wewe ungeupokonya ule muhogo mikononi mwangu, ungeurudisha majini na kusema, kama ulivyosema kila mara, "Hii haiyaomba bado." Mimi niliitwanga. Nilitwanga kwa hasira, na hasira ilinipa mabega ya msichana. Nilikanda, nikafunga kwenye majani, nikakaza kamba, nikapika kwa mvuke. Kwa macho zilikuwa kwanga nzuri kuliko zote nilizowahi kufunga. Hilo nalo linaniumiza.

Siku ya arobaini Béatrice alikula wa kwanza, na alikula nyingi, akiwa amefumba macho. Alisema, "Iko kama ya mama." Mimi sikula. Sikuwa na njaa tangu ulipoondoka. Mchana kabla ya maombi ya mwisho alishika tumbo, akatapika, akasema miguu haimsikii. Kisha mwingine, kisha mwingine. Sita kwa jumla. Watano walipona siku ya pili kwa maji na maziwa. Béatrice alilazwa siku saba, na bado anatembea akishika ukuta.

Hakuna aliyekufa. Naiandika sentensi hiyo peke yake ili niweze kuirudia.

Maneno yalianzia bombani. Nilikuwa na ndoo yangu kwenye foleni, nao wanawake wa foleni hawakujisumbua kupunguza sauti. "Huyu mama ya Bukavu," mmoja alisema, "alikula ba kwake bote mu njia. Sasa anamaliza ba kwa Bolumbu."

"Na kwanga yake mwenyewe hakugusa. Ulimuona akigusa?"

"Hata kidogo. Alikuwa anatuangalia tu."

"Bolumbu alimuokota, na tazama sasa. Ukiokota nyoka kwa huruma, huruma haitoi meno yake."

Na mmoja akacheka, yule uliyekuwa ukimpa kwanga zilizopasuka. Niliondoka na ndoo tupu.

Kusema kwao hakukuniumiza kama kile kilichofuata. Nilirudi ndani, nikafunga mlango, nikaketi kitandani kwako, na nikaanza kuwakubali. Nilipanga ushahidi kama mtu mwenye elimu. Watatu njiani. Wewe begani mwangu. Binti yako kwa mkono wangu. Ningekuwa hakimu, ningeamuaje? Asubuhi moja nilikwenda hadi ufukweni, nikatazama mitumbwi ikivuka kwenda Lubunga, na nilisimama pale muda mrefu kuliko mtu asiye na safari. Mto ulikuwa umejaa. Sitakuambia zaidi, umeshaelewa. Nilirudi kwa sababu ndogo ya kuchekesha: nilikumbuka kwamba nimeacha kuni nje na mawingu yalikuwa yanakuja. Nilirudi kuingiza kuni. Nadhani hiyo ni kazi yako.

Nilikaa siku nyingine mlango ukiwa umefungwa. Mama Mwajuma ndiye aliyeugonga, jirani yetu wa ukuta mmoja, yule uliyekuwa ukibishana naye kila mwaka wakati wa mfungo wake kwa sababu harufu ya mvuke wa kwanga ilimtesa. Aliingia bila kungoja, akaweka chini birika la chai ya tangawizi, akautazama uwanja kupitia mlango. "Mwalimu," akasema, "mlango ukifungwa, maneno yanakaa nje na viti vyao. Fagia uwanja wako. Mutu mwenye kufagia anaonekana."

Nikamwambia sina nguvu.

"Sikukuuliza nguvu. Nimekuuliza fagio."

Nilicheka, yaya. Mara ya kwanza. Ni kama ungekuwa wewe uliyesema. Nikafagia, uwanja wote, na yeye akakaa juu ya kinu chetu kilichopinduliwa akinitazama na kunihesabia majani niliyoyaacha. Kesho yake nikafagia tena. Siombi nikifagia. Nakuambia ukweli: siombi. Lakini siku ya tatu nilijikuta nasimama mbele ya pipa tupu kwa muda, kwa mazoea tu, na mazoea hayo yalikuwa kitu pekee cha kanisa kilichobaki ndani yangu.

Siku ya nne nilipanda toleka mpaka Mangobo kwa Béatrice. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri. Alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, akichambua pondu, majani ya muhogo. Maneno mazuri yakapotea. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe: mvua, beti, kimya changu, mbio zangu, mioyo migumu kwenye kinu. Nikamwambia sikukosea siku, nilikataa kumwimba mama yake, na kukataa huko ndiko kulikomweka kitandani. Nikamwambia aseme lolote.

Aliendelea kuchuma jani moja moja kutoka kwenye kikonyo. Kisha akasema, bila kuinua sauti, "Mama yangu alibeba batoto yako miaka hii yote. Weye ulishindwa kumubeba siku mbili?"

Jibu nimelitafuta tangu siku ile katika kila kitabu nilichowahi kusoma.

Niliinuka kuondoka, goti likanikatalia, nikashika ukuta. Yeye naye alikuwa ameshika ukuta ule ule ainuke. Tulisimama hivyo, wazee wawili, mmoja wa miaka yake na mwingine wa kwanga yangu. Hakunishika mkono. Hakunifukuza. Nilitoka.

Wiki mbili zikapita. Juzi, Jumapili, beseni lilifika. Mihogo, ile ile ya shamba jipya, minene, bado ina udongo. Mama Mwajuma ndiye aliyeipokea, na ujumbe wa mdomo pamoja nayo. Alinirudishia neno kwa neno, akiinua kidole kama mtu anayesoma amri: "Béatrice anasema hivi. Atumbukize. Jumamosi nitakuja kula. Nitakula pale bombani, mbele yao bote, na nitakula wa kwanza."

Unaona hofu yangu inatoka wapi. Sijui kama huo ni msamaha. Huenda ni jaribio. Huenda amechoka kusikia mama yake anatajwa pamoja na nyoka. Ninachojua ni kwamba mtoto wako, ambaye miguu yake bado haijamrudia, Jumamosi ataweka mdomoni kitu kilichotoka mkononi mwangu, na watu wa bombani watasimama kutazama kama ataanguka. Akianguka, sina tena mahali pa kusimama duniani, na sisemi hivyo kwa kupamba barua.

Ningeweza kuhesabu kwa vidole. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa asubuhi ninaitoa. Ni hesabu ya darasa la kwanza. Mama Mwajuma mwenyewe amechora mistari kwa mkaa ukutani, mmoja kwa kila siku, kwa sababu haniamini, na ana haki. Basi siku nitazipata. Hata hivyo Béatrice ataniuliza. Atashika kwanga mkononi, atanitazama kwa macho yako, na ataniuliza: umemuimba? Kwa swali hilo mistari ya mkaa haitanisaidia.

Jana nilipoimba ubeti wako wa kwanza sauti ilitoka kama mlango wa zamani. Leo wangu umetoka vizuri kidogo. Maji ni baridi sana. Nimebaki na mkono ndani kwa muda baada ya kumaliza, nikagusa mihogo mmoja mmoja, yote bado migumu, yote bado haijaomba, na nikawaza kwamba mimi pia niliwekwa majini na nikatolewa kabla ya wakati, na moyo umebaki mgumu katikati, na wewe ulikuwa ukinirudisha, unanirudisha, kila siku nne, na sikujua kwamba ndicho ulichokuwa ukifanya.

Sijui kama Mungu ananisikia. Wewe ulikuwa na hakika kwa niaba yetu wawili, na hakika hiyo umeondoka nayo. Umeniachia pipa, fagio, kinu, na wimbo wenye watu ndani. Nitaanza na hivyo. Zaidi ya hapo sina.

Kwa hiyo ahadi yangu ni ndogo, iwe na ukubwa wa mikono yangu. Kesho asubuhi nitafagia kwanza. Nitaleta maji. Kisha nitatia mkono ndani ya pipa, na nitawaimba. Mugisho. Nsimire. Deo. Nitawaimba mimi, mama yao na mke wake, kwa mara ya kwanza, na nikiona mto nitaendelea kuuona huku nikiimba. Na kama sauti haitatoka kesho, mihogo itakaa pale, na kesho kutwa nitajaribu tena, na siku inayofuata, hata maji yawe meusi, hata harufu iwatoe watu uani tena, hata Béatrice aje Jumamosi nimwonyeshe pipa na kumwambia mbele ya wote kwamba bado, sijaweza. Afadhali ioze. Sitatoa tena muhogo kwa kuruka juu ya mtu.

Pumzisha mikono yako sasa, yaya. Ilifanya kazi yake na yangu. Baiskeli za kwanza zikipita kesho, tega sikio upande wa pipa. Ukisikia kimya kirefu, usinikasirikie, nitakuwa natafuta pumzi. Ukisikia majina, yahesabu, wewe usiyependa kuhesabu. Yalikuwa matatu. Kesho yatakuwa manne.

Mdogo wako,
Mwalimu